MTOTO ASOMAYE KABLA YA KUSEMA

Hotuba iliyosomwa na mwanachama mmoja mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama, Kwale



 Kwa desturi hotuba ya siku kama ya leo huwa juu ya karo za shule, maji, mikopo au gharama za mazishi, na mambo hayo yote yamekwisha kuelezwa vema na Mweka Hazina katika taarifa yake. Mimi nimetakiwa niseme juu ya malezi ya mtoto wa namna moja ambaye wengi wetu tumepata kumwona, ila hatukuwa na jina la kumwita.

Nataka ijulikane tangu mwanzo kwamba mimi ni karani, si daktari wala mwalimu. Nitakayoyasema nimeyapata kwa njia mbili: kwa kumlea mwanangu mwenyewe, ambaye sasa ana umri wa miaka mitano, na kwa kusoma yaliyoandikwa na wataalamu.

Neno langu ni fupi. Kusoma maandishi ni jambo moja, na kufahamu ni jambo jingine. Mtoto aliyejaliwa lile la kwanza kabla ya la pili asifanywe tamasha, wala asifichwe ndani. Herufi anazozipenda ndizo ngazi ya kumpandisha hata ayafikie maneno, na kwa maneno awafikie watu.

MTOTO MWENYEWE

Mwanangu alianza kutambua herufi kabla hajatimiza miaka miwili. Hakuna aliyemfundisha. Alizipata katika mifuko ya unga, katika makopo ya maziwa na katika vibao vya maduka ya Ukunda. Alipofika miaka mitatu alisoma kila alichokiona: majina ya matatu, matangazo ya ukutani, hata maandishi madogo ya chupa ya dawa.

Lakini katika umri huo huo alikuwa hajapata kumwita mama yake. Ukimwita kwa jina hageuki, hata tukadhani masikio yake hayasikii. Walakini karatasi ya biskuti ikifunguliwa chumba cha pili, huja mbio. Ukimwuliza, "Wataka maji?" hujibu, "Wataka maji?" Naye akishikwa na kiu mwenyewe husema, "Unataka maji," kwa kuwa ndivyo alivyoyasikia maneno hayo kila mara kikombe kilipoletwa. Hupanga vifuniko vya soda mstari mmoja, na ukikiondoa kimoja hulia mpaka kirudishwe. Spika za arusini zikipigwa huziba masikio na kujitupa chini.

Jamaa walifurahi sana kwa kusoma kwake. Katika arusi moja ya majirani alipita mbele ya kina mama walioketi mkekani, akasoma kanga zao moja baada ya moja, wala hakukosea hata neno. Watu wakapiga makofi, na wengine wakamtunza shilingi. Shangazi mmoja, ambaye kanga yake ilikuwa na mithali "Mgeni njoo mwenyeji apone", alimwuliza, "Haya baba, huyo mgeni ni nani?" Mtoto aliutazama tena ukingo wa kanga, akasoma maneno yale yale tangu mwanzo.

Jambo la pili halikuwa la kuchekesha. Karibu na nyumba yetu pana mtambo wa umeme uliozungushiwa ua wa waya, na juu ya ua pana kibao. Siku moja mtoto alikwenda moja kwa moja mpaka mbele ya kibao kile, akasoma kwa sauti safi, "Hatari," kisha akanyosha mkono kuushika waya. Mama yake alimdaka. Ndugu zangu, neno lile liliandikwa ili kumwokoa mtu, naye alilisoma barabara, lakini halikumfikia.

KUSOMA NA KUFAHAMU

Sisi watu wa pwani tusingepaswa kulistaajabia sana jambo hili, kwa sababu tunao mfano wake wa siku zote. Mtoto apelekwapo chuoni huanza alifu, be, te, akaendelea juzuu kwa juzuu, na huenda akahitimu msahafu mzima kwa matamshi yaliyo sahihi, naye Kiarabu hakijui. Mwalimu wake hufurahi, na wazazi hufanya karamu. Lakini hakuna mzee hata mmoja amwambiaye mtoto huyo kwamba amekwisha kuwa mwanachuoni. Kila mtu ajua kuwa maana huja baadaye, tena kwa kufundishwa.

Katika Kiswahili twasahau hayo, na sababu ni lugha yenyewe. Kiswahili huandikwa kama kinenwavyo. Ajuaye ba, be, bi, bo, bu na jamaa zake aweza kuisoma barua ya serikali kutoka juu hata chini bila kujikwaa, ijapokuwa haelewi chochote. Kwa mtoto wa Kiingereza si hivyo, maana maneno yao mengi huandikwa hivi na kutamkwa vingine. Basi kwetu mtoto wa namna hii hujificha kwa urahisi. Sauti yake ni safi, nasi twadhani kwamba na fahamu ipo.

Njia ya kujaribu ni nyepesi. Usimwambie mtoto, "Soma." Mwandikie katika karatasi, "Lete kijiko," kisha unyamaze. Akienda kukileta, ameyafahamu aliyoyasoma. Akiyasoma kwa sauti na kubaki pale pale aliposimama, mmekwisha kujua kazi yenu ianzie wapi.

MAJINA YA HALI HII

Wataalamu wawili wa Marekani, Norman na Margaret Silberberg, waliipa hali hii jina mwaka 1967. Waliiita haipaleksia, yaani kusoma maneno kuliko kiasi cha umri na kuliko ufahamu wa mtoto. Mara nyingi huandamana na hali nyingine iitwayo usonji, ambayo humfanya mtoto aone taabu katika kusema na watu, katika kucheza na wenzake, na katika kuvumilia mageuzi madogo ya kila siku.

Usonji wenyewe ulielezwa kwa urefu na Dkt. Leo Kanner wa Baltimore mwaka 1943, katika habari za watoto 11. Yafaa tujue kwamba hata katika andiko lile la kwanza Dkt. Kanner aliona kuwa watoto wale hujifunza kusoma upesi, lakini husoma kwa sauti isiyopanda wala kushuka, na hadithi huipata vipande vipande bila kuiunganisha. Aliona pia kwamba hujiita "wewe" mahali pa "mimi". Niliposoma hayo nilishangaa: "unataka maji" ya mwanangu ilikuwa imekwisha kuandikwa Marekani miaka mingi kabla mimi sijazaliwa.

Si kila mtoto asomaye mapema ana usonji. Dkt. Darold Treffert wa Wisconsin aliwagawa katika makundi matatu. Kundi la kwanza ni watoto wasio na shida yoyote, ila wamewahi tu kusoma. La pili ni wale ambao kusoma kwao ni sehemu ya usonji. La tatu ni wale wenye dalili zifananazo na za usonji, lakini dalili hizo hupungua kadiri wanavyokua. Watafiti wa Kanada waliokusanya habari zote zilizopata kuandikwa, wakatoa taarifa mwaka 2017, waliona kwamba kadiri ya watoto 84 katika kila 100 wenye haipaleksia walikuwa na usonji. Kwa hiyo mtoto wa namna hii apelekwe akapimwe. Lakini mzazi asiharakishe kukata hukumu yeye mwenyewe. Kwa mwanangu daktari amesema "yamkini", nasi tumelipokea neno hilo kama lilivyo. Yamkini haitukatazi kuanza kazi leo.

Wala tusidhani kwamba hili ni jambo la nyumba moja. Shirika la Afya la Ulimwengu lakadiria kwamba katika mwaka 2021 mtu 1 katika kila 127 alikuwa na usonji. Kila mmoja na ahesabu watu wa kijiji chake.

JUU YA LAWAMA

Mtoto wa namna hii akionekana, swali la kwanza la majirani huwa, "Nani amemfanya hivi?" Watafiti waliowauliza wazazi na watumishi wa afya hapa pwani ya Kenya, wakachapisha majibu yao mwaka 2015, waliambiwa pepo, uchawi na laana, na pamoja na hayo maradhi, taabu za uzazi, na urithi wa damu. Majibu hayo twayajua sote. Nyumbani kwetu pia alikuja mmoja akasema mtoto ana pepo msomi, na mwingine akasema mama yake alivuka mahali fulani jioni alipokuwa na mimba.

Asidhani mtu kwamba lawama ni desturi ya Waafrika peke yao. Huko Marekani, katika miaka ya 1950 na 1960, wataalamu wenye vyeo walisema kwamba usonji hutokana na mama asiye na mapenzi, mwenye moyo wa baridi. Mwanamke mwenye mtoto mgonjwa aliambiwa kuwa yeye ndiye ugonjwa. Mtu mmojawapo aliyeipinga kauli ile ni Bernard Rimland, mtaalamu aliyekuwa mwenyewe na mwana mwenye usonji. Kitabu chake kilitoka mwaka 1964. Mwaka 1977 wataalamu wawili, Susan Folstein na Michael Rutter, walichunguza mapacha wakaona kwamba urithi wa damu una sehemu kubwa katika jambo hili. Basi wao waliwalaumu mama, nasi twawalaumu mama na pepo pamoja, na pande zote mbili mtoto hakupata faida.

Niseme pia neno moja juu ya chanjo, kwa sababu kina mama huuliza. Habari kwamba chanjo ya surua huleta usonji ilienezwa na andiko la mwaka 1998 lililotoka London. Uchunguzi mwingi uliofuata haukuona hivyo, na mwaka 2010 jarida lililolichapisha andiko lile lililifuta. Mpelekeni mtoto kliniki akachanjwe.

Wenye kusali na wasali. Nasi nyumbani twasali. Lakini sala haimzuii mtu kwenda hospitali. Asikubali mzazi dawa ya kufukiza, kuchanja ngozi wala kufunga kamba kwa ajili ya hali hii, wala asikopeshwe fedha na mtu aahidiye kuiondoa kwa wiki saba. Hakuna dawa iiondoayo. Kuna kufundisha, tena kwa subira.

SHAMBA LA MAHINDI

Wa kwanza katika watoto 11 wa Dkt. Kanner alikuwa Donald Triplett, mzaliwa wa mwaka 1933 wa mji mdogo wa Forest, katika jimbo la Mississippi. Habari zake zanifaa kuliko vitabu vingi, na naomba mnivumilie nizieleze.

Mtoto huyu alipenda hesabu na vipimo kupita kiasi. Alipokuwa na umri wa miaka 9 wazazi wake walimpeleka kukaa na mkulima mmoja na mkewe, maili chache kutoka nyumbani. Mwaka 1945 Dkt. Kanner alikwenda kumtazama huko, akastaajabia busara ya watu wale. Donald alikuwa akihesabu mistari ya mahindi tena na tena bila kukoma. Mkulima hakumkataza. Alimpa farasi na jembe la kukokotwa, akamwambia aihesabu mistari huku akiilima. Donald alipenda kupima. Basi walimchimbisha kisima, awe akitoa habari ya kina chake. Alikusanya ndege na wadudu waliokufa. Wakamgawia kipande cha ardhi kiwe makaburi yao, na kila kaburi akaliandikia jina.

Mtoto yule alikua akaenda shule, akaingia chuo, na mwaka 1958 akapata kazi katika benki ya mji wake. Alifanya kazi hapo miaka mingi, akaendesha gari, akasafiri nchi nyingi, akacheza gofu, akafa mwaka 2023 akiwa na umri wa miaka 89. Haikusemwa kwamba alipona. Alibaki mtu wa maneno machache na desturi zake mwenyewe. Ila watu wa mji walimjua, wakamzoea, wakamlinda na wageni wenye kumcheka. Nyumba yao ilikuwa na mali, jambo ambalo wengi wetu hatuna. Lakini mkulima yule hakuwa na mali, na mafunzo yake hayakumgharimu kitu. Alitazama tu mtoto ashika nini, akakifanya kile alichokishika kiwe mpini wa jembe.

Mpini wa mwanangu ni herufi. Nao watoto wa namna yake waliomo Matuga, Kinango, Msambweni na Lungalunga, wengi wao mpini wao ni huo huo.

MAMBO YA KUFANYA NYUMBANI

Yafuatayo tumeyajaribu nyumbani kwetu, na mengi katika hayo yapatana na mashauri ya wataalamu. Gharama yake ni karatasi, kalamu na saa za mchana.

La kwanza, masikio. Kabla ya lolote mtoto apimwe masikio, maana asiyesikia naye hageuki akiitwa. Sisi tulipimiwa, tukaambiwa asikia vizuri.

La pili, neno liungane na kitu. Tulibandika karatasi juu ya mtungi, mlango, kiti na kitanda. Kila asomapo "mtungi", mkono wake huwekwa juu ya mtungi. Baada ya vitu huja vitendo: "Funga mlango." "Mpe dada kikombe." Husoma, kisha twafanya pamoja, mpaka siku afanyapo peke yake.

La tatu, kusema kwa nafsi yake. Tukimwambia, "Sema nataka maji," husema yote, pamoja na lile "sema". Kwa hiyo tuliandika karatasi yenye maneno mawili, "Nataka maji," tukaiweka penye mtungi. Aisomapo hupewa maji mara moja, wala hatumwulizi neno jingine. Ilichukua miezi. Siku moja akiwa uani, mbali na karatasi, alisema, "Nataka maji." Mama yake alimletea gilasi iliyojaa hata ikamwagika njiani.

La nne, siku iandikwe. Asubuhi twaandika: Kunawa. Chai. Shati. Matembezi. Chakula. Kulala. Kila jambo likiisha alipiga mstari yeye mwenyewe. Vilio vimepungua sana, kwa kuwa sehemu kubwa ya vilio vile ilikuwa hofu ya kutojua lijalo. Siku ikibadilika, twaandika mabadiliko kabla hayajafika.

La tano, safari na mambo magumu yatungiwe habari fupi. Mwalimu mmoja wa Marekani, Carol Gray, ndiye aliyeanza kufundisha njia hii. Kwetu jambo gumu lilikuwa kivuko cha Likoni, kwa ajili ya ngurumo ya mashine na msongamano wa watu. Tuliandika: "Tutaingia feri. Feri ina ngurumo. Naweza kuziba masikio. Ngurumo itakwisha. Tutashuka ng'ambo." Aliisoma siku tatu kabla ya safari, akaisoma tena tukiwa ndani ya feri, na tulishuka bila kilio.

La sita, maswali. Mtoto wa namna hii huweza kujibu "nini" mapema, lakini "nani", "wapi" na "kwa nini" humshinda. Twamwandikia hadithi ya mistari mitatu, na chini yake swali lenye majibu mawili achague. "Juma alikwenda sokoni. Alinunua ndizi. Alikwenda wapi? Sokoni. Baharini." Kwa nini tukaiweka mwisho, na bado hatujaifikia sawasawa.

La saba, mchezo. Watoto kumi kwa pamoja ni ghasia kwake. Alianza na binamu mmoja, robo saa, kwa mchezo mmoja wenye zamu, na karatasi imesimama kati yao: "Zamu yangu. Zamu yako." Binamu akachoka wa kwanza, tukampa embe.

La nane, hatari zifundishwe kwa miguu. Neno "Hatari" peke yake halimtoshi. Twakwenda naye mpaka hatua ishirini mbali na kibao, twasoma, twasimama, twageuka, twarudi nyumbani. Tumefanya hivyo mara nyingi kuliko niwezavyo kuhesabu. Kadhalika barabara kuu, na kadhalika kisima.

La tisa, mama apumzike. Wazazi wa pwani waliohojiwa na watafiti, ambao habari zao zilichapishwa mwaka 2016, walitaja aibu ya watu, gharama, na uchovu wa ulezi. Na katika mambo yaliyowasaidia walitaja kupata mtu wa kuwapokea mtoto kwa muda. Hili ndilo jambo ambalo baba, bibi au jirani aweza kulifanya leo bila semina. Mchukue mtoto saa mbili, mama alale.

Naongeza onyo moja. Mtoto huyu aweza kukaa na simu kutwa nzima akisoma maandishi yapitayo, akatulia kimya, na nyumba ikaona raha. Raha hiyo si nzuri. Herufi ni daraja. Tusimwache akae juu ya daraja siku zote asivuke.

Na fimbo haimfai. Mithali yasema mchelea mwana kulia hulia yeye, nami naikubali mithali hiyo kwa mtoto atendaye ubaya akijua. Huyu ajitupaye chini kwa sababu sauti yamwumiza hakutenda ubaya. Ukimpiga umemwongezea maumivu mawili kuwa matatu.

HOSPITALI, SHULE NA SHERIA

Mwenye mtoto wa namna hii aanze katika zahanati iliyo karibu naye, aombe kuelekezwa hospitali ya serikali, kama vile ya Kwale au ya Msambweni. Hakuna kipimo cha damu kwa usonji. Mpimaji humtazama mtoto, humchezesha, na kumwuliza mzazi habari za tangu kuzaliwa. Kwa hiyo mzazi aandike kumbukumbu: mtoto alikaa lini, alisema neno gani, lini, na nini kilichompotea.

Kwa upande wa elimu, tangu mwaka 1984 serikali ilianza kuweka vituo vya kuwapima watoto wenye mahitaji maalumu na kuwashauri wazazi juu ya shule iwafaayo. Ulizeni afisi ya elimu kituo kilicho karibu nanyi. Mwaka 2003 wazazi waliokutana Nairobi waliunda chama cha usonji cha Kenya, na mwaka huo huo darasa la watoto hao likaanza katika shule ya msingi ya City huko Nairobi. Walioanzisha walikuwa wazazi kama sisi.

Sheria nayo iko upande wa mtoto. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 53, yampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na Kifungu cha 54 chataka mwenye ulemavu afikie mahali pa elimu na kutendewa kwa heshima. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2003 imefuatwa na nyingine mpya ya mwaka 2025. Mtoto akishapimwa rasmi aweza kuandikishwa katika Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu, na kuandikishwa huko hufungua njia ya misaada.

Walakini sheria haiketi darasani na mtoto. Shule moja tuliyomjaribisha, ambayo sina haja ya kuitaja, ilimpokea kwa shangwe wiki ya kwanza kwa sababu ya kusoma kwake, ikamrudisha wiki ya tatu kwa sababu ya kilio chake. Mwalimu mwenye watoto wengi mbele yake simlaumu. Ila namwomba mwalimu yeyote atakayempokea mtoto wa namna hii mambo matatu tu: amketishe mbali na kengele, amwandikie ubaoni yale awaambiayo wengine kwa mdomo, na asimsimamishe mbele ya wageni asome.

OMBI LANGU KWA CHAMA

Bwana Mwenyekiti, mwezi wa Januari mwanangu atatafutiwa tena nafasi ya shule. Sijui itakuwaje. Lakini najua kwamba si yeye peke yake katika kata yetu, kwa sababu tangu jina langu litangazwe kwa hotuba hii, mama watatu wamekuja kwangu usiku, mmoja mmoja, kila mmoja akiomba nisiseme kwamba alikuja. Kwa ajili yao naleta mbele ya mkutano mambo matatu.

Kwanza, Chama kitenge sehemu ndogo ya mfuko wa misaada iwe nauli ya kumpeleka mtoto kupimwa na kurudi. Wengi hawaendi kwa sababu ya nauli ya safari mbili tatu, si kwa sababu ya ujinga.

Pili, ukumbi wetu ufunguliwe Jumamosi moja kila mwezi kwa wazazi hao na watoto wao, bila spika wala wageni rasmi, ili mama akutane na mama mwenziwe mchana.

Tatu, nalo halina gharama yoyote, kila mwanachama alitangaze nyumbani kwake: mtoto asomaye kama kasuku asitunzwe fedha ili achekeshe watu, na mtoto asiyesema asifungiwe chumbani ili asionekane. Akipita mbele yenu akisoma kanga zenu, msimpigie makofi. Mshikeni mkono, mwonyesheni mgeni, mwonyesheni mwenyeji, mwambieni nani ni nani. Dakika hiyo moja ni somo ambalo mimi na mama yake hatuwezi kumpa peke yetu, kwa sababu maneno ya watu hujifunzwa kwa watu.

Wazee walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea; nao hawakusema ni kazi ya wawili tu. Naliacha jambo hili mikononi mwa mkutano, na karatasi za mafunzo niliyoyataja nimeziweka mezani kwa Katibu, kila apendaye achukue nakala.